Kwa Nini Baadhi ya Viini vya Atomu Hutoa Mionzi: Somo la Chungu cha Lyulilo

Madhumuni ya makala haya

Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwalimu-mwanafunzi kulielewa, na kisha kulieleza kwa usahihi, jambo moja la fizikia ambalo halipewi nafasi kubwa katika vipindi vya shule ya msingi, lakini ambalo watoto hawaachi kuliuliza. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini baadhi ya atomu hutoa mionzi, hali nyingine hukaa kimya daima?

Katika vijiji vya Kyela vilivyo ukingoni mwa Ziwa Nyasa, swali hili si la vitabuni tu. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, yako machimbo ya urani ya Kayelekera, yaliyoanza uzalishaji mwaka 2009, yakasimama mwaka 2014, na kuanza tena mwaka 2025. Kwa upande wetu, urani imegunduliwa katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mtoto wa Lyulilo husikia neno urani redioni, hulisikia tena sokoni, kisha humwuliza mwalimu wake. Mwalimu asiyelijua jambo hili hujibu kwa moja ya njia mbili: ama humtisha mtoto, ama humnyamazisha. Njia zote mbili zina hasara. Aliyetishwa huogopa hata kisichodhuru, na aliyenyamazishwa hatajua kujihadhari siku atakapokutana na kinachodhuru.

Tunapendekeza somo hili lianzie kwenye kitu ambacho kila mtoto wa pwani hii amekishika: chungu cha Wakisi, kinachofinyangwa Ikombe na vijiji jirani na kuuzwa katika soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Udongo wa mfinyanzi kwa kawaida una madini yenye potasiamu. Potasiamu ni elementi ile ile iliyomo katika ndizi, maharage, chumvichumvi ya majivu, na katika misuli ya mwili wetu. Kila atomu ya potasiamu ina protoni 19 katika kiini chake. Atomu zake nyingi zina nyutroni 20, na nyingine zina nyutroni 22, hizi hazibadiliki. Lakini katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ina nyutroni 21. Jumla ya protoni na nyutroni zake ni 40, nasi huiita potasiamu-40. Hii ndiyo itoayo mionzi. Chungu kina mionzi, ndizi ina mionzi, na mwalimu anayefundisha somo hili ana mionzi vile vile.

Je, potasiamu-40 ina kasoro gani? Ili kujibu, tuangalie kwanza nguvu mbili zinazoshindana ndani ya kiini.

Protoni zote zina chaji chanya, na chaji za namna moja husukumana. Msukumo huu hufika mbali: kila protoni huisukuma kila protoni nyingine iliyomo katika kiini. Nguvu ya pili ni mvuto wa kiini wenyewe, ambao huzishika protoni na nyutroni pamoja. Mvuto huu ni mkubwa kuliko msukumo, lakini ni wa karibu mno: kila chembe huishika jirani yake tu.

Mfano wa soko utafaa hapa. Watu wamesongamana Lyulilo siku ya soko, na kila mmoja ameshika mkono wa jirani yake. Wakati huo huo kila mmoja anapiga kelele, na kelele humfikia kila mtu sokoni. Watu wakiwa kumi, mikono huyashinda makelele. Wakiwa mia mbili, mikono ya kila mtu ni miwili tu kama awali, lakini kelele zimekuwa za watu mia mbili. Ndivyo ilivyo katika kiini kikubwa: mvuto hauongezeki kwa kasi ya msukumo.

Nyutroni hazina chaji; hazisukumani kwa umeme, lakini hushikana. Kwa hiyo husaidia kukifunga kiini, na kadiri kiini kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyohitaji nyutroni nyingi zaidi ya protoni. Kalsiamu-40 ina protoni 20 na nyutroni 20, nayo haibadiliki. Risasi-208 ina protoni 82, lakini imehitaji nyutroni 126. Hata hivyo nyutroni haziwezi kuongezwa bila kikomo, kwa maana zikizidi mno kiini hubeba nishati zaidi ya ile ambacho kingebeba kama baadhi yake zingekuwa protoni. Kila ukubwa wa kiini una uwiano wake unaofaa.

Sasa tunaweza kulitamka jibu kwa sentensi moja, nayo ndiyo kiini cha somo hili: kiini hutoa mionzi kwa sababu ipo hali nyingine, yenye nishati ndogo zaidi, ambayo kiini hicho kinaweza kuifikia, na nishati inayobaki hutoka nje pamoja na mionzi.

Mvua inyeshayo juu ya safu ya milima ya Livingstone haichagui kushuka kwa kuwa imechoka. Hushuka kwa sababu chini kuna mahali pa kushukia. Ile ya upande huu huingia Ziwa Nyasa. Ile ya upande wa kaskazini huelekea Usangu na Ruaha Mkuu. Potasiamu-40 iko juu ya mgongo wa mlima wa namna hiyo. Upande mmoja iko kalsiamu-40, upande wa pili iko agoni-40, na zote mbili zina nishati ndogo kuliko yake. Katika kila potasiamu-40 mia moja zinazobadilika, kama 89 huwa kalsiamu na 11 huwa agoni.

Namna tatu za kutoa mionzi

Ya kwanza ni beta. Kiini chenye nyutroni nyingi kupita uwiano wake huigeuza nyutroni moja kuwa protoni. Elektroni huzaliwa papo hapo na kurushwa nje kwa kasi, pamoja na chembe nyingine isiyo na chaji iitwayo antinyutrino. Ndiyo njia ya potasiamu-40 kuwa kalsiamu-40. Ikumbukwe kwamba elektroni hiyo haikuwamo ndani ya kiini ikisubiri kutoka; imezaliwa katika badiliko lenyewe. Upande wa agoni mambo hugeuka: kiini humeza elektroni moja ya atomu yake, na protoni moja huwa nyutroni.

Ya pili ni alfa. Viini vizito mno, kama vya urani, hupunguza msukumo kwa kutupa nje protoni mbili na nyutroni mbili kwa pamoja. Chembe hizi nne hutoka zikiwa kundi kwa sababu hushikana imara sana, na kuzitoa pamoja ni rahisi kuliko kuzitoa moja moja. Urani-238 hupitia hatua nyingi za namna hii, alfa nane na beta sita, mpaka inapokuwa risasi-206 na kutulia.

Ya tatu ni gama. Baada ya alfa au beta, mara nyingi kiini kipya hubaki na nishati ya ziada, kama kengele inayoendelea kulia baada ya kupigwa. Nishati hiyo hutoka kama mwale wa gama, ulio wa jamii moja na mwanga lakini wenye nguvu nyingi zaidi. Idadi ya protoni na nyutroni haibadiliki.

Alfa huzuiwa na karatasi. Beta huzuiwa na bati la alumini lenye unene wa milimita chache. Gama huhitaji risasi nene au ukuta mnene wa zege ili ipunguzwe.

Kwa nini haishuki mara moja?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa hali ya chini ipo, mbona potasiamu-40 bado ingalipo udongoni? Swali hili ni zuri, na mwalimu asilikwepe. Kushuka kunawezekana, lakini njia ina kizuizi. Katika alfa, mvuto wa kiini hujenga kama ukuta ambao kundi la chembe nne halina nishati ya kuuruka. Mwaka 1928 George Gamow, na wakati huo huo Ronald Gurney na Edward Condon, walionyesha kwamba kwa kanuni za chembe ndogo kundi hilo lina bahati kidogo ya kutokea upande wa pili bila kuuruka ukuta. Ukuta ukiwa mnene, bahati ni ndogo mno, na kiini hukaa miaka mingi. Katika potasiamu-40 kizuizi ni cha namna nyingine: mzunguko wa ndani wa kiini chake unatofautiana sana na ule wa viini kinavyogeukia, na badiliko lenye tofauti kubwa hivyo hutokea kwa nadra.

Nadra kiasi gani? Nusu ya potasiamu-40 yoyote hubadilika katika miaka bilioni 1.25. Muda huu huitwa nusu-uhai. Dunia yetu ina umri wa miaka kama bilioni 4.5, yaani zaidi kidogo ya nusu-uhai tatu na nusu. Kwa hiyo imebaki kama sehemu moja katika kumi na mbili za ile iliyokuwapo mwanzo. Nusu-uhai ya urani-238 ni miaka kama bilioni 4.5. Ya kaboni-14 ni miaka 5,730 tu.

Ijapokuwa badiliko ni la nadra, atomu ni nyingi. Gramu moja ya potasiamu hutoa mabadiliko kama 30 kila sekunde. Tuseme chungu kina uzito wa kilo 2 na potasiamu ni asilimia 2 ya udongo wake. Kitakuwa na gramu 40 za potasiamu, na viini kama 1,200 vitabadilika ndani yake kila sekunde. Mwili wa mtu mzima, wenye gramu kama 140, hupata mabadiliko zaidi ya 4,000 kila sekunde.

Matayarisho ya somo

Somo hili linafaa darasa la saba, kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Vifaa ni vya bure. Kila kikundi cha wanafunzi kitafute vigae 64 vya vyungu vilivyovunjika, kila kimoja kiwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vigae viwe bapa. Kigae kilichopinda hupenda kulalia upande mmoja, nacho kitaharibu hesabu. Kingo zisuguliwe juu ya jiwe ili zisiwakate watoto. Upande mmoja wa kila kigae upakwe mkaa. Kila kikundi kiwe pia na kibuyu au kopo la kutikisia, na daftari la kuandikia.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza. Mwalimu aweke chungu mbele ya darasa na kuuliza: "Mama mfinyanzi alipokichoma chungu hiki, ni nini kilichobadilika?" Wanafunzi watajibu kwamba rangi na ugumu vimebadilika, na maji yametoka. Mwalimu aeleze kwamba moto umeondoa maji na kuziunganisha chembe za udongo kwa namna mpya, lakini viini vya atomu havikuguswa. Potasiamu iliyoingia motoni imetoka ikiwa potasiamu ile ile, na mionzi yake haikuongezeka wala kupungua. Tofauti hii kati ya badiliko la kikemia na badiliko la kiini ndiyo mlango wa somo zima.

Hatua ya pili. Mwalimu atumie mfano wa mikono na kelele. Wanafunzi wanaweza kuuigiza uwanjani, kwanza wakiwa watano, kisha darasa zima.

Hatua ya tatu. Kila kikundi kitikise vigae 64 na kuvimwaga chini. Vigae vilivyoonyesha upande wa mkaa vihesabiwe kuwa "vimebadilika" na kuwekwa kando. Vilivyobaki vihesabiwe, viandikwe, kisha vitikiswe tena. Na hivyo hivyo mpaka viishe. Tunatazamia 32, kisha 16, 8, 4, 2 na 1. Hakuna kikundi kitakachopata hesabu hizi barabara. Kimoja huenda kikapata 29 mahali pa 32, kingine 35. Mwalimu asisahihishe hesabu hizo, wala asiruhusu mtoto azibadili ili zifanane na za ubaoni. Ajumlishe matokeo ya vikundi vyote, na darasa litaona kwamba jumla kubwa huikaribia nusu kuliko matokeo ya kikundi kimoja kimoja.

Hatua ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. Mwalimu achukue kigae kilichobaki baada ya kumwagwa mara tano na kuuliza: "Je, hiki kimechoka? Je, safari hii lazima kigeuke?" Wengi watasema ndiyo. Mwalimu awaulize tena: "Kigae kinajuaje kwamba kimekwisha kumwagwa mara tano?" Hapo wanyamaze kidogo wafikiri. Kigae hakina kumbukumbu, na bahati yake ya kugeuka ni nusu kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Vivyo hivyo atomu ya potasiamu-40 iliyokaa tangu kuumbwa kwa dunia haijazeeka. Hatuwezi kusema ni lini itabadilika, lakini tukiwa na atomu nyingi twajua kwa hakika ni sehemu gani itakayobadilika.

Mwalimu akumbuke pia kuonyesha mahali mfano unapokoma. Vigae hutikiswa kwa mkono, lakini viini havitikiswi na yeyote, hubadilika vyenyewe.

Faida ya maarifa haya nchini kwetu

Wanafunzi wataka kujua elimu hii ina kazi gani. Mfano bora upo Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la kale katika bonde la Olduvai. Lilikuwa na umri gani? Mwamba wa volkano ukiwa bado uji wa moto, gesi ya agoni hutoroka. Ukiganda, kila agoni-40 inayozaliwa kutokana na potasiamu-40 hufungwa ndani yake. Ukipima agoni na potasiamu, unajua mwamba uliganda lini. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka lenye fuvu hilo lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Miamba ya volkano ya Rungwe, ambayo watoto wa Kyela huiona kwa mbali, nayo imepimwa umri kwa njia hiyo. Kama viini vingekuwa vikibadilika ovyo, au kama moto na mvua vingeweza kuviharakisha, saa hii ya miamba isingeaminika.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kusema kwamba atomu "imezeeka" au "inaumwa". Maneno haya hupingana na hatua ya nne ya somo.

Kosa la pili ni kusema kwamba kila kilichopigwa na mionzi nacho hutoa mionzi. Mionzi ya alfa, beta na gama itokayo katika madini haikifanyi kitu kilichopigwa kuwa chanzo kipya. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei hatoki hospitalini akiwa na mionzi. Eksirei hutengenezwa na mashine, na mashine ikizimwa haipo. Jambo la kuhadhari zaidi ni vumbi au maji yenye chembe za madini yenyewe, kwa kuwa hayo yakiingia mwilini chanzo kimeingia. Alfa isiyoweza kupenya karatasi hudhuru sana ikitokea ndani ya mapafu.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kila mionzi huua, au kwamba kila kilicho cha asili ni salama. Mionzi ya ndizi na ya chungu ni kidogo, na mwili hutoa nje potasiamu inayozidi mahitaji yake. Urani nayo ni ya asili, lakini vumbi lake katika machimbo lahitaji ulinzi. Tofauti iko katika kiasi, na katika mahali chanzo kilipo.

Hivyo mtoto akiuliza, "Mwalimu, je, samaki wa ziwa letu wana mionzi?", jibu la haki ni hili: "Ndiyo, kila samaki ana potasiamu, kama wewe na mimi. Kama kuna kitu kingine kilichozidi, hilo hujulikana kwa kupima maji na samaki, si kwa uvumi wala kwa kufariji." Nchini kwetu kazi ya kusimamia upimaji huo ni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Raia anayejua tofauti ya kupima na kudhani anaweza kudai vipimo, kuvisoma na kuvihoji. Huo ndio ustadi tunaotaka mtoto aondoke nao shuleni.

Maswali ya kujadiliwa chuoni

1. Eleza kwa nini kuongeza protoni katika kiini huongeza msukumo kwa kasi kuliko mvuto.

2. Mwanafunzi asema: "Chungu cha zamani hakina mionzi tena kwa kuwa kimechomwa mara nyingi jikoni." Andika maswali matatu ya kumwongoza agundue kosa lake mwenyewe.

3. Kikundi kimoja kimepata 40 mahali pa 32 katika umwagaji wa kwanza. Utachunguza nini katika vigae vyake kabla ya kusema ni bahati tu?

4. Anza na vigae 64 vyenye upande wa mkaa, lakini uondoe tu vile vilivyogeuka mara mbili mfululizo. Je, mchezo huo bado unafanana na viini vya atomu? Toa sababu.